Hariri ya Okaya

Nasuri. Daktari alilitamka neno taratibu,
kama mtu anayetua sahani ya moto mezani.
Mimi nilikuwa na majina yangu:
jirani, mpangaji, yule wa chini.
Miaka sita utumbo wangu ulikuwa ukijitafuna,
ukachimba njia ya panya mpaka kwenye ngozi,
pale ambapo kila lugha huinamisha macho.

Ninapeleka barua. Pikipiki nyekundu,
mitaa ya mlimani juu ya ziwa Suwa.
Najua kila choo kati ya stesheni na hekalu:
cha duka la miso, kisichofungika;
cha mjane Momose, anayeniachia taa ikiwaka
na hajaniuliza kitu.
Kwenye tandiko nilikaa upande upande.
Wenzangu wa posta walidhani ni maringo.

Mara ya kwanza walinidunga seli shina peke yake,
zimetolewa kwenye mafuta ya mtu nisiyemjua,
mamilioni, ndani ya maji ya chumvi.
Ziliingia vitani uchi.
Dakta Ibuki hakunificha: "Nyingi zilikufa
kabla hujafika nyumbani. Nyingine zilichuruzika.
Huenda uliziacha kwenye kiti cha treni."
Tulicheka. Kisha hatukucheka.

Mgeni siku ya tatu mpe jembe, sawa,
lakini siku ya kwanza
nani alimtandikia mkeka?

Mwaka wa pili akanionyesha kichupa.
Ndani, kitu kama ute wa yai,
chepesi sindanoni, kizito kikishaonja joto la mwili.
"Hariri," akasema. "Tunachemsha vifukofuko,
tunavua gundi, tunauyeyusha uzi
mpaka usahau kwamba ulikuwa uzi.
Seli zinakaa humo. Zinapata pa kushika."

Hariri.
Nikamwona bibi yangu Sawa,
miaka kumi na minne, kiwandani, hapa hapa Okaya,
vidole ndani ya maji yanayofuka mvuke,
akitafuta ncha moja ya uzi
kwenye kifukofuko kinachochezacheza.
Alama za vidole hakuwa nazo; maji yalikwisha kuzila.
Wala mabuu hayakutupwa. Hadi uzeeni
aliyapika kwa sukari na mchuzi wa soya,
nami, mtoto, nikawatafuna wale wafumaji
mmoja mmoja kwa vijiti,
bila ahsante.

Nimelala kifudifudi, taulo ya kijani mgongoni,
nikauliza sakafu: zitakuwa nyama mpya? Zitanishona?
"Hapana," sauti yake ikatoka nyuma yangu,
"hazishoni. Zinanong'ona.
Kinga yako ni mbwa anayembwekea mwenye nyumba.
Hizi zinamwita kwa jina lake
mpaka aweke kichwa chini.
Kuziba, utaziba mwenyewe."
Kisha baridi kidogo, kisha uzito kidogo.
Sindano ilikuwa fupi kuliko jina la dawa.

Wiki ya tisa, ndani ya bomba la sumaku linalogonga
kama fundi bati aliyelipwa kwa kelele,
walinipiga picha.
Njia moja imeziba.
Ya pili bado, nyembamba, kavu, inafikiri.
Hariri yenyewe imeanza kwenda zake,
kama jukwaa la miti linalofunguliwa
ukuta ukishaweza kusimama.
Dakta Ibuki hakusema umepona.
Alisema: tuonane Machi.

Asubuhi iliyofuata nilikaa kwenye tandiko,
mzima mzima, kulia na kushoto.
Bado liliuma, ila kama kiatu kipya.
Barua ya kwanza ilikuwa ya mjane Momose,
bili ya umeme.
Saa tatu, jua limejaa juu ya ziwa,
na taa ya choo chake inawaka.
Nilitaka kugonga nimwambie aizime.
Nikaitumbukiza bili sandukuni,
nikawasha pikipiki.
Machi bado.